Onyo la Kondoo

Bern Hallinan alikuwa na sentensi moja tu aliyotaka kuisema jioni ile ya Alhamisi, na hawakumpa nafasi ya kuisema.

Alikuwa mtangazaji wa hali ya hewa katika kituo kimoja cha televisheni mjini Canberra, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye sauti ambayo watu waliitambua hata dukani akiwa ameinama kuchagua vitunguu. Ilikuwa Julai, shule zimefungwa, na nusu ya mji ilikuwa inafunga mizigo kwenda milimani kuteleza kwenye theluji. Kwenye ramani nyuma yake ukanda wa baridi ulikuwa unapanda kutoka kusini: upepo mkali, mvua iliyochanganyika na barafu, kisha theluji tele juu milimani. Kwa watu wa likizo hiyo ilikuwa habari njema. Kwa wafugaji wa tambarare ya Monaro waliokuwa wametoka kunyoa kondoo wao, ilikuwa habari ya kifo. Kondoo aliyenyolewa juzi, akilowa na kupigwa na upepo wa namna ile, haioni asubuhi. Idara ya hali ya hewa ilitoa onyo tangu mchana, na Bern alilipanga mwisho wa maelezo yake.

"Bern, malizia," sauti ya Damon Pruitt ilisema sikioni mwake. Damon ndiye aliyekuwa mtayarishaji wa taarifa ya habari. "Tuna mbwa."

Mbwa mwenyewe alikuwa amevalishwa miwani, anashushwa mlimani juu ya ubao wa kutelezea. Video ilitumwa na mtazamaji. Bern alifungua kinywa aseme onyo lake. "Mbwa, Bern, sasa hivi!" Na yeye, kwa mazoea ya miaka mingi, akatabasamu na kusema, "Haya jamani, wa milimani mmepata mlichokuwa mnakiomba!" Mbwa akaingia hewani. Studio nzima ikacheka.

Taa zilipozimwa alimfuata Damon chumba cha kuongozea.

"Umekata onyo la kondoo."

"Nimekata sekunde chache, Bern."

"Hizo chache ndizo zilizokuwa na kazi. Hizo nyingine zote ni mapambo!"

"Watazamaji wetu hawafugi kondoo. Wanawavaa tu." Damon alicheka peke yake. "Likizo yako si imeanza? Nenda, mama, ukapumzike. Umechoka."

Neno hilo la mama lilimkera mpaka nyumbani. Aliwaza kumpigia kaka yake, Leith, aliyekuwa akifuga kondoo na mkewe Jodie nje kidogo ya mji wa Nimmitabel. Kisha akakumbuka kuwa Leith hunyoa Agosti kila mwaka, na kondoo wenye manyoya yao hawasumbuliwi na usiku mmoja wa baridi. Isitoshe, kesho yake alikuwa anakwenda huko huko. Kila likizo ya majira ya baridi alikaa siku mbili kwa Leith kabla ya kupanda milimani. Akalala.

Safari ya kushuka kusini ilikuwa ya kuudhi. Magari yalifuatana mkia kwa mkia, kila moja na mbao za kutelezea juu, watoto wakibandika nyuso kwenye vioo. Mjini Cooma alisimama kujaza mafuta. Mwanamume mmoja mwenye koti la njano la kuumiza macho akamjia mikono imefunguliwa.

"Si ndiye Bern huyu? Asante kwa theluji, mama yangu! Tupige picha!"

Bern akapiga naye picha. Akacheka. Watu wengine wakaja, na wote wakamshukuru kama vile theluji alikuwa nayo ndani ya begi. Mmoja alitaka kujua mbwa yule ni wa wapi.

Alipoliingia lango la Leith hakuelewa alichokiona. Kando ya waya wa ua, kwenye kona ya chini ya shamba, kulikuwa na rundo jeupe. Alidhani ni theluji iliyosukumwa na upepo. Aliposogea akaona miguu. Kondoo walikimbia upepo mpaka ua ulipowazuia, wakalaliana, wakafa hivyo hivyo, ngozi zao za waridi zikiwa bado na mistari ya mashine ya kunyolea. Leith alikuwa juu ya trekta, anawasogeza kwa koleo la mbele. Alimwona dada yake, akazima injini, lakini hakushuka.

"Umenyoa lini?" Bern aliuliza.

"Jumatano."

"Wewe hunyoa Agosti!"

"Wanyoaji wamepatikana wiki hii. Agosti wana kazi kwingine. Nilitaka kukwambia ukija." Alifuta pua kwa glovu. "Umekuja."

"Leith..."

"Jana nilikuwa nakutazama. Sahani mapajani. Jodie akaniambia tuwaingize kondoo bandani, mbingu imechafuka. Nikamwambia ngoja kwanza tumsikie Bern. Tukakusikia. Ukacheka, ukatuonyesha mbwa."

"Onyo lilikuwa redioni! Lilikuwa kwenye simu! Una simu mfukoni, Leith, unaangalia matokeo ya mpira kila dakika!"

"Nina dada kwenye televisheni. Simu ya nini?"

Bern alihisi damu imempanda masikioni. Alikuwa na hasira na Damon, na yule mtu wa koti la njano, na tabasamu lake mwenyewe. Lakini aliyekuwa mbele yake alikuwa Leith, basi zote zikamwangukia Leith.

"Usinibebeshe mimi! Mkeo alikwambia! Mbingu ilikuwa juu ya kichwa chako, siyo changu! Umezaliwa hapa, unataka mtu aliyekaa Canberra akwambie kuwa nje kuna upepo?"

Leith alishuka. Alivua glovu akazitupa matopeni karibu na viatu vya dada yake.

"Na wewe umezaliwa hapa," alisema. "Ndiyo maana nilikuamini. Ningeambiwa na mtoto wa mjini ningetoka nje nikaangalie mwenyewe."

Jodie alitoka nyumbani na koti la mvua begani. Macho yalikuwa yamemvimba, lakini sauti ilikuwa kavu.

"Mkishamaliza kutukanana, kuna jambo. Doreen Pascoe amenyoa tangu asubuhi. Kondoo wake wako uwandani. Bern, leo usiku kunakuwaje?"

Bern alitazama simu, kisha akatazama kusini. Ukanda wa pili ulikuwa njiani, mzito kuliko wa kwanza, nao ungefika kabla ya giza.

"Kubaya zaidi," alisema.

Waliingia wote watatu kwenye gari la Leith. Doreen Pascoe alikuwa mjane jirani, mfupi, mpana, mwenye ulimi uliojulikana wilaya nzima. Alikuwa amesimama mlangoni mwa banda la kunyolea, lililoinuliwa juu ya nguzo, akila pai baridi.

"Oho, nyota wa televisheni," alisema. "Mbwa umemwacha wapi?"

"Bi Doreen, waingize kondoo wako ndani. Sasa hivi. Wengine chini ya banda, wengine nyuma ya ile misonobari."

"Jana umeniambia mambo mazuri. Leo unaniambia balaa. Nishike lipi?"

"Shika la leo!" Bern alipiga kelele mpaka mbwa wa Doreen wakaanza kubweka. "Jana nilinyamazishwa nikanyamaza kama mjinga, na ukitaka kujua bei yake nenda kaangalie ua wa kaka yangu! Nitukane kesho, nitukane mwaka mzima, lakini sasa fungua hilo lango!"

Doreen alitafuna, akameza. Akamtazama Leith, na Leith akatikisa kichwa mara moja, kukubali. Bibi akaitupa pai yake kwa mbwa.

Kondoo waliotoka kunyolewa ni wazito wa kuswagwa. Waliogopa sakafu, waliogopa giza la chini ya banda, wakageuka na kurudi uwandani. Mvua ilianza kuwapiga usoni kama mchanga. Leith alimfokea Bern kwa kusimama pasipotakiwa, Bern akamjibu kwa maneno ambayo mama yao asingeyapenda, na Doreen akawafokea wote wawili. Katikati ya hayo simu ilimtetemekea Bern mfukoni. Damon.

"Bern! Mbwa amependwa mno! Kwa kuwa uko huko huko, kesho nakuhitaji mlimani, mubashara, kwenye theluji. Dakika mbili tu, za furaha furaha."

"Kondoo wa kaka yangu wamekufa, Damon."

"Pole sana. Kwa hiyo kesho ni hapana, au...?"

"Nikirudi kazini, onyo likiwepo ndilo litakalotangulia. Kabla ya theluji, kabla ya mbwa, kabla ya chochote."

"Hilo si la kuamua wewe."

"Basi njoo usimame wewe mbele ya ramani!" Akakata. Jike mmoja alikuwa amempita pembeni akikimbilia uwandani. Akamrukia, wakaanguka wote topeni, akamng'ang'ania mpaka Jodie alipofika.

Wa Doreen walipona, isipokuwa wachache waliokuwa dhaifu. Usiku, wakinywa supu, Leith alisema bila kuinua macho, "Ile ya jana sitaisahau."

"Usisahau," Bern alisema. "Wala mimi ya mkeo kukwambia sitaisahau." Jodie akaondoa sahani zao kabla hawajamaliza.

Milimani hakwenda. Likizo yake yote aliimalizia kuvuta mizoga na kurekebisha ua. Aliporudi Canberra ukanda mwingine ulikuwa unakuja. Alilisoma onyo la kondoo kwanza kabisa, polepole, akitaja miji kwa majina, Damon akimpigia kelele sikioni mpaka akakichomoa kile kidude na kukiacha kining'inie begani mbele ya watazamaji. Wiki iliyofuata alihamishiwa zamu ya alfajiri, Jumamosi na Jumapili. Alilalamika kwa wakubwa. Wakamwambia ni mabadiliko ya kawaida. Aliwauliza, ya kawaida kwa nani?

Agosti, siku moja asubuhi, Leith akapiga simu. Hakumsalimia.

"Nina majike waliobaki na manyoya tangu Julai. Wanyoaji wamepata nafasi Jumanne."

"Jumanne hapana. Subiri mpaka Ijumaa."

"Una uhakika?"

"Nimekwambia Ijumaa, Leith."

"Haya." Akakata, bila kwaheri.

Bern alibaki na simu mkononi, bado amemkasirikia, kisha akaifungua tena ramani aitazame upya.