Risiva ya Lori

Watoto wa Mzee Mshamu walipohamia Dar, mtu pekee aliyeongea naye kila alasiri alikuwa Huseni, bwana shamba mstaafu wa Mbwara, ng'ambo ya mto. Wote wawili walikuwa na leseni za redio za kuongelea, za kujifurahisha. Lakini masika yale Huseni alikuwa mgonjwa, redio yake imechoka, na sauti ikawa haifiki Kibiti kwa Mshamu.

Mshamu akaomba ruhusa ya kufunga ripita kwenye mnara wa tangi la maji mlimani, mtambo wa kudaka sauti dhaifu na kuirusha tena kwa nguvu. Kila kitu alikuwa nacho. Kilichobaki ni kuchagua risiva, kile kifaa cha kupokea sauti.

Alikuwa na mbili. Moja mpya, ya duka la Kariakoo, siku hizi za soko huria vitu vyote vinapatikana. Ilisikia hata mnong'ono. Nyingine ilitolewa kwenye lori bovu. Nzito, yenye masikio magumu. Akafunga ile mpya.

"Huseni, unanipata?"

"Nakupata, mwenzangu! Sikiliza, Mwanabaraka ame—"

Hapo mkwaruzo ukameza maneno. Kampuni moja ya mabasi ilikuwa imesimika redio yake jirani na tangi, na kila dereva alipoitwa, risiva mpya ilizibwa masikio. Mshamu akaita, akaita tena. Kimya.

Mwanabaraka alikuwa binti wa Huseni. Amefanyaje? Amefariki? Mshamu alishindwa hata kula.

Asubuhi akapanda mnarani na risiva ya lori. Hiyo ilisikia masafa yake tu. Ya jirani haikuyajali. Akaifunga, akateremka, akaita huku mabasi yakipiga kelele zao.

Sauti ya Huseni ikaja, nyembamba lakini nzima.

"Nilikuwa nakwambia, Mwanabaraka amekuja kunichukua. Twaenda Lindi, nikatibiwe. Sidhani kama nitarudi."

Mshamu akabonyeza kipaza sauti.

"Alhamdulillahi," akasema. "Nilidhani msiba."

"Umenisikia vizuri?"

"Neno kwa neno."

"Basi kwaheri, ndugu yangu. Unisamehe nilipokukosea."

"Hukunikosea kitu."

Siku zilizofuata Mshamu aliita kila alasiri. Ripita ilimjibu kwa mlio wake mfupi, kisha ikanyamaza. Majirani walimshauri aishushe betri ya ripita, aitumie kwa taa. Alipanda hadi juu, akashika waya wa betri, akashindwa kuuchomoa.