Kandambili za Bi Moza

Mheshimiwa Soud alifika studio ya Khairiya, Wete, kabla feni haijawashwa, mkononi ana picha ya ufunguzi wa kisima cha kijiji cha Ole. Uchaguzi ulikuwa umekaribia, na pichani alionekana kama mtu aliyekuja kuomba maji.

"Ning'arishe mimi," alisema. "Hao wengine wafifishe. Hasa huyo bibi."

Huyo bibi ni Bi Moza, aliyetoa kiwanja na kuchimbisha kisima kwa karafuu zake mwenyewe. Khairiya alimtenga kila mtu kwenye leya yake, tabaka lake peke yake la picha, akammwagia Soud mwanga, akamfunika Bi Moza kwa barakoa ya kompyuta, ile isiyofuta kitu, inaficha tu. Adhana ya adhuhuri ilimkuta hajafika miguuni. Akaichapa hivyo hivyo.

Mabango yalipobandikwa, Bi Moza mwenyewe, si pichani tu, alitoweka kuanzia ushungi hadi vifundoni. Zikabaki kandambili za buluu na miguu ndani yake. Ole haikusumbuka. Majirani waliinama kidogo kuziamkia, naye akaitikia kutoka juu. Soud aling'aa mpaka kumbikumbi wakamfuata kitandani, mkewe akahamia chumba cha wageni.

Bi Moza hakujali, kusema kweli stara ile aliipenda. Lakini alitaka kupiga kura, na haandikwi mtu daftari la wapiga kura mpaka sheha, mkuu wa mtaa, aseme anamjua. Sheha alikuwa Nyange, jirani yake, aliyekuzwa kwa uji wake. Nyange alijua pia kwamba kura ile haiendi kwa Soud.

"Simuoni mtu hapa," alisema Nyange, kandambili ziliposimama mbele ya meza yake.

Hapo Bi Moza akaudhika hasa. Akenda Wete.

"Mwanangu, nrejeshe. Mie sikufa bado."

Khairiya aliona haya. Akaiondoa barakoa, na Bi Moza akatokea pale pale kwenye stuli, na miwani yake na hasira zake zote. Mwanga wa Soud, Khairiya aliuacha. Kumbikumbi nao wana haki yao.

Kesho yake Bi Moza alisimama mbele ya meza ya sheha, mzima, mpana, kaziba dirisha. Nyange alimtazama kutoka ushungi hadi kandambili.

"Shikamoo, Bi Moza. Yule mbuzi keshazaa?"

"Marahaba. Kazaa mapacha. Haya, niandike."

Nyange akachungulia pembeni yake, kwenye foleni.

"Simuoni mtu hapa," alisema. "Anayefuata."