Jina la Keziah Thurlow

Wanawake walikuwa wameizunguka fremu ya mbao sebuleni kwa Bi Philura Beals, katika kijiji kimoja cha Vermont, wakimalizia mfarishi wa viraka. Familia ya Beals ilikuwa inahamia Ohio, na kila mshonaji aliandika jina lake kwa wino juu ya kiraka chake, ili huko mbali familia hiyo isiwasahau.

Keziah Thurlow, mwalimu wa kijiji, alishona huku akitega sikio. Wenzake walikuwa wakizungumzia hadithi ya Orinda, ile iliyotoka kila wiki katika gazeti la Boston, na chini yake yalichapwa maneno: "Imeandikwa na Bibi Mmoja wa Vermont." Bibi huyo alikuwa yeye. Lakini Shemasi Pruitt, mkuu wa kamati ya shule, alikwisha kutangaza kanisani kwamba hadithi za kubuni zinaharibu wasichana. Mwalimu wa kuziandika angefungashiwa virago siku hiyo hiyo.

"Wamemwacha Orinda juu ya barafu ya mto, inapasuka!" alilalamika Bi Philura. "Wiki nzima sijala vizuri."

"Wewe? Pai ya tufaha nani kaimaliza?" mwenzake mmoja akamdakia.

Walicheka. Wanaume wakaingia kwa chakula cha jioni, wakikung'uta theluji viatuni. Mbele alikuwa Wakili Alden Crewe.

"Wakili, tuambie leo," Bi Philura akamchokoza. "Huyo Bibi wa Vermont ni wewe, sivyo? Kile kisa cha mahakamani mwanamke angekijulia wapi?"

Crewe alitabasamu, akarekebisha tai yake. "Mwungwana hajisifu, mama."

"Nilijua! Njoo, kiraka cha katikati hakina jina. Kitie sahihi, mwandishi wetu."

Crewe akachovya kalamu.

Keziah alihisi damu ikimpanda masikioni. Miaka miwili ameandika vidole vikiganda kwa baridi. Amemlilia Orinda, amemfundisha kusimama mbele ya hakimu bila kuinamisha kichwa. Leo mtu aje amchukue kwa tabasamu tu?

Aliinuka, akaipokonya kalamu mkononi mwa wakili.

"Bi Thurlow! Una wazimu?" Crewe akamaka.

"Ninao. Wewe umeandika hadithi hii? Jibu."

"Sikusema nimeandika."

"Wala hukusema hukuandika. Sema sasa, wote wanakusikia."

Crewe alitazama mezani, akatazama mlango. "Sikuandika," akasema.

Keziah aliinama juu ya kiraka cha katikati, akaandika kwa herufi kubwa zilizonyooka: Keziah Thurlow, mwandishi wa Orinda.

Shemasi Pruitt, aliyeingia pamoja na wale wanaume, akasogea, akasoma, akakunja uso.

"Unajua maana yake, binti?"

"Najua, Shemasi."

"Jumatatu shule itapata mwalimu mwingine."

Maneno yalimchoma. Aliwapenda watoto wale. Alijua nani huja bila kifungua kinywa na nani huogopa hesabu. Hata hivyo hakuinamisha macho.

"Basi apate mwalimu mzuri. Mimi jina langu nimeliandika kwa wino, Shemasi. Halifutiki, na silifuti."

"Kiburi!"

"Ndiyo. Nimekifanyia kazi."

Bi Philura, aliyekuwa amejishika mashavu muda wote huo, akapata sauti. "Mwenzetu! Mwaka mzima umekaa hapa unatusikia tukilia, nawe unaomba chumvi tu!"

"Nilitaka kujua mnalia mkifika sehemu gani."

Kicheko kikalipuka. Halafu mke wa shemasi, Bi Temperance, mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kumwona ameshika gazeti, akauliza polepole: "Bi Keziah, Orinda atazama?"

"Temperance!" Shemasi akafoka. "Unamjulia wapi huyo Orinda?"

"Nyamaza kidogo, mume wangu. Nasikiliza."

Keziah akavuta kiti. Maneno yake yalikuwa yamesafiri hadi Boston na kurudi bila mwenyewe. Sasa aliyatamka kwa kinywa chake, mbele ya watu wake, kifua mbele.

"Hazami," akasema. "Barafu inapasuka, naye anaruka."