Mgongo wa Masudi

Mwanvua ndiye aliyeona kwanza kwamba kanzu ya mumewe inaburuta matope.

"Baba Riziki, kanzu ni ileile. Ni wewe njo unapungua kimo."

Masudi alicheka, kisha akashika ubavu upesi. Tangu ujanani alikuwa akibeba pembe za ndovu kutoka Lubutu mpaka Kindu, na misafara yote ilimjua kwa nguvu zake. Mifupa kulika, alivyosikia, ni maradhi ya bibi vikongwe. Mwanamume angemwambia nani? Hata kikohozi kilipomvunja ubavu, alinyamaza.

Asubuhi moja, kando ya mto, msafara wa Waziri, tajiri wa pembe, ulikuwa unaondoka kwenda Kabambare. Mpagazi mmoja aliyedai kuumwa alikuwa tayari amefungwa mnyororo mbele ya wenzake.

"Masudi, ile pembe ndefu ni yako," Waziri alisema.

Masudi aliinama. Maumivu yalimpanda kutoka kiunoni hadi shingoni, jasho likamtiririka usoni. Alijua kwamba akiinua, kitakatika kitu mwilini ambacho hakitaungika tena.

"Inua!"

"Siwezi, Bwana."

Watu wote wakageuka kumtazama.

"Wewe, Masudi?"

"Mifupa yangu imelika kwa ndani. Nikikohoa tu, inavunjika."

"Kama bibi kizee!" mpagazi mmoja mfupi, kijeba, aliangua kicheko.

Waziri akainua kiboko. Masudi hakukimbia. Alivua kanzu polepole, akamgeuzia mgongo uliopinda na kutoka nundu, ubavu wa kushoto umevilia damu. Mwanvua akapenya katikati ya watu, akasimama baina yao.

"Ukimupiga, Bwana, utamuua. Utapata faida gani?"

Waziri alipitisha vidole juu ya uti wa mgongo ule. Masudi aliuma midomo asilie. Kiboko kilibaki hewani, kisha kikashuka.

"Maiti haitanibebea kitu," Waziri alisema bila huruma. Akamgeukia yule aliyecheka. "Ile ndefu sasa ni yako."

Msafara ukaondoka. Mwanvua alimfunga mumewe ubavu kwa kitambaa, wakarudi nyumbani hatua kwa hatua, Masudi amemwegemea mkewe begani waziwazi, watu wakitazama.

Mgongo haukunyooka tena. Lakini kabla mvua hazijaisha, wapagazi wawili wa makamo walimjia, kila mmoja kwa siri yake, wakamwuliza kwa sauti ya chini maumivu yake yalianzaje.