Miche Kumi na Miwili ya Mvule

Rugaibula hakuwa mtu wa kusahau. Rugambwa, bwana wa nyarubanja, mwinyi anayelipwa kodi ya mazao na wakulima wa ardhi yake, alimfukuza kwenye kibanja cha migomba alikozaliwa, kisa amechelewa kumpelekea mtungi wa rubisi, pombe ya ndizi. Migomba ya baba yake ikawa ya Rugambwa hivi hivi. Mke wa Rugaibula, Adventina, akaanza upya mlimani, kwenye udongo mwekundu uleule wa kibanja cha bondeni, na baada ya miaka sita wakavuna tena. Rugaibula alikula ndizi za mkewe, lakini roho yake ilibaki kule bondeni, inachemka.

Ndipo Bwana Misitu alipofika Muleba kutafuta mahali ambapo mvule huota wenyewe, serikali ipatenge pawe msitu wa hifadhi, watu wahamishwe. Mzungu huyo alipima mvua na kuchimba udongo, lakini kilichomridhisha hasa ni mche ulioota bila kupandwa. Alimwajiri Rugaibula amwonyeshe njia. Wengine wangeona ajira; Rugaibula aliona fimbo ya kumchapia Rugambwa.

Aling'oa miche kumi na miwili msituni, akaipenyeza chini ya migomba ya Rugambwa, ovyo ovyo, kana kwamba popo ndio walioangusha mbegu. Adventina alimwona akitoka na jembe, akamkanya. Hakumsikiliza. Miche iliposhika, akampeleka Bwana Misitu. Mzungu akapiga magoti kwenye matope kwa furaha, na Rugaibula akauma midomo asicheke.

Siku ya baraza ramani ilitandikwa mezani. Kibanja cha Rugambwa kilikuwa ndani ya msitu. Mzee yule, aliyezoea kupigiwa magoti, akauliza kwa sauti ya kutetemeka atakwenda wapi. Rugaibula aliisikia sauti hiyo ikishuka tumboni mwake tamu kama rubisi.

Bwana Misitu alikuwa hajamaliza. Alieleza kwamba popote penye udongo ule na mvua ile, mvule utastawi. Kidole chake kikapanda mlimani, kikafunika shamba la Adventina lote.

Adventina akamshika mumewe mkono. "Mwambie miche uliipanda wewe," akamnong'oneza. "Mwambie sasa hivi."

Angesema, shamba lingepona. Na kibanja cha Rugambwa kingepona pia. Rugaibula akamtazama adui yake, akamwona analia mbele za watu.

Karani akauliza kama yupo mwenye pingamizi.

"Hakuna," akasema Rugaibula, kabla ya mtu yeyote.

Adventina akauachia mkono wake, akaondoka barazani peke yake.