Mkono wa Kulia wa Shingofupi

Nianze na jambo ambalo watu hukataa kuliamini: Shingofupi ana wanawake wawili tumboni. Mmoja ni wifi yangu, dada wa mume wangu, tumbo moja ziwa moja. Wa pili ni mimi. Wifi ndiye kichwa, sauti na mkono wa kushoto. Mimi ni mkono wa kulia, basi. Ukitaka kucheka, cheka taratibu, maana mkono huo umewapungia watoto wako kila Jumamosi asubuhi na hukuwahi kuuliza ni wa nani.

Shingofupi ni twiga wa kitambaa, mdoli wa kipindi cha watoto cha televisheni. Alipokuwa anashonwa, kitambaa cha madoadoa kiliisha kabla shingo haijafika mahali pake, na fundi cherehani wa kituo, mtu asiyependa kurudishwa dukani, akafunga uzi hapo hapo. Ikawa ndiyo bahati yake. Ni twiga asiyeona mbele ya meza yake, lakini kila jambo likishatokea husema, "Niliona kwa mbali." Mayai yakivunjika, aliona kwa mbali. Mvua ikimlowesha chapachapa, aliona kwa mbali. Nchi nzima imeambukizwa. Timu ikifungwa, mtangazaji wa mpira anasema hivyo hivyo. Mke akimfumania mume, naye kadhalika. Bungeni mheshimiwa mmoja aliitwa Shingofupi, akasimama kudai neno lifutwe, na mwenzake akajibu kwamba aliona kwa mbali atadai. Kinyozi wa mtaani kwetu alimchora ukutani akampa shingo ndefu ya twiga wa kweli, na watoto wakakataa kunyolewa pale mpaka alipoikata kwa rangi nyeupe.

Sasa njoo chini ya meza. Tunakaa kwenye viti vifupi vya magurudumu, macho kwenye televisheni ndogo iliyowekwa sakafuni, maana bila hiyo hatujui mdoli wetu anatazama wapi. Wifi anainua mkono wake hadi kichwani mwa twiga, nami naingiza bega chini ya kwapa lake ndipo mkono wangu ufike kwenye mkono wa Shingofupi. Pua yangu inabaki hapo hapo, jirani na mdomo wake. Hatuongei, kwa sababu kipaza sauti amekivaa yeye. Akinigusa goti, napunga. Akinikanyaga, natulia. Na tulijiwekea sheria moja tu: siku ya kazi hakuna kula kitunguu kibichi. Mengine yote tunavumiliana.

Basi siku moja wifi akaja ananuka. Nilivumilia kipindi kizima, lakini tulipotoka nikakohoa, na mpiga kamera aliponiuliza nina nini, nikamwambia, "Muulize Shingofupi amekula nini." Studio ikaangua kicheko. Wifi hakucheka. Alisema hajagusa kitunguu, mimi ni mzushi, na tangu nilipoolewa kwao sina dogo, nina mdomo. Nikamjibu kwamba mdomo ni wake yeye, mimi ni mkono tu. Hapo tukanuniana.

Wiki zikapita. Kazini tumebanana bega kwa kwapa, hata salamu hakuna. Akija nyumbani kwa kaka yake anaongea na pazia: "Mwambieni mwenye nyumba nimesahau mwavuli wangu." Mume wangu akawa kiziwi wa ghafla. Kila tukimgeukia aamue, anachukua spana na kwenda kurekebisha bomba ambalo halijaharibika. Mama mkwe akapiga simu kusema vikombe vya kabati moja havikosi kugongana. Mimi nikasema moyoni kwamba vikombe havinuki, ila kwa mdomo nikamwambia ndiyo mama.

Jumamosi moja nikafika mapema. Nikamkuta fundi cherehani amemlaza Shingofupi mezani, sindano kubwa mdomoni, anaupima ule mkono wa kulia juu ya tumbo.

"Fundi, unafanya nini?"

"Meneja wa vipindi amesema kipindi cha leo kikiisha, mkono huu ushonwe tumboni. Anasema twiga wa kweli hana mkono hata mmoja, sasa huyu wetu mikono miwili ya nini."

"Na mimi je?"

Fundi akatoa sindano mdomoni. "Habari zako wewe sikuambiwa, dada."

Niliumia, nisiseme uongo. Mimi sina sauti, na picha za magazetini ni za wifi. Lakini nikiwa sokoni nikaona mtoto anapunga vile ninavyopunga mimi, anakunja kidole kimoja kimoja akianzia kile kidogo, najua kwamba ni mimi huyo anayepita. Sasa nishonwe tumboni. Na nikajua mara moja nani kachochea, maana ni nani mwingine angetamani kupumua peke yake chini ya meza ile? Nikasema sawa. Mkono utashonwa, lakini hautashonwa kimya kimya.

Kipindi siku hiyo kilikuwa kinarushwa moja kwa moja, na watoto walijaa studio. Somo lilikuwa kupiga mswaki. Wifi akaingia chini ya meza bila kunitazama, taa zikawaka, na Shingofupi akachomoza.

"Habari zenu, watoto. Leo tunapiga mswaki."

Mkono ukachukua mswaki, ukasugua sikio.

Watoto wakacheka mpaka wakalaliana. Wifi akanikanyaga. Mkono ukasugua pembe. Akanikanyaga kwa kisigino, kisigino chenyewe cha mtu aliyelelewa vizuri na mama mkwe wangu, na mkono ukautupa mswaki nyuma ya pazia. Alipofungua mdomo kunusuru mambo, mkono ukauziba. "Wato—mmm," akasema Shingofupi. Nyuma yetu juu, kwenye kioo cha chumba cha mitambo, meneja alikuwa amesimama, tai imepinda.

Mtoto mmoja wa mbele, hana hata meno ya juu, akawaeleza wenzake, "Mkono wake umemnunia."

Kwenye televisheni ya sakafuni nikaona kichwa cha twiga kinageuka polepole, kinautazama mkono wangu.

"Kweli," akasema Shingofupi. "Umeninunia."

"Uliufanya nini?" watoto wakauliza.

Sikio langu lilikuwa mbavuni mwake, nikausikia moyo wake unavyokwenda mbio.

"Nilikula kitunguu," akasema. "Halafu nikakana."

Watoto wakacheka, wazazi wao wakacheka, hakuna aliyeelewa. Mimi sikucheka. Shingofupi akaendelea, sauti imeshuka kidogo. "Na sasa kuna mtu anataka kuushona hapa tumboni, usicheze tena. Nilimkatalia juzi. Jana nikaenda tena nikamwambia mkono mmoja haulei mwana. Akasema shauri limekwisha. Mkono wangu haujui haya, kwa sababu siongei nao. Basi nasema mbele yenu nyote: siku utakayoshonwa mkono huu, na mimi nishonwe mdomo."

Pakawa na vurugu. Watoto wakapiga kelele kwamba hashonwi mtu hapa, mmoja akaanza kulia, na wengine wakageuka kumtafuta huyo anayetaka kushona. Meneja akarudi nyuma taratibu hadi kioo kikamkosa. Mimi kule chini machozi yananitiririka na siwezi kujifuta, mkono mmoja uko ndani ya twiga na mwingine umeshikilia mguu wa meza. Nilimdhania vibaya, na yeye alikuwa anagombana na meneja kwa ajili yangu, huku nyumbani akiongea na pazia.

"Omba msamaha," yule mtoto asiye na meno akaamuru.

"Mkono wangu," akasema Shingofupi, "nisamehe."

Mtu mwema angesamehe hapo hapo. Mimi niliuacha mkono uning'inie kwanza, wifi ni wifi. Watoto wakashika pumzi. Kisha nikauinua polepole, ukapita tumboni, ukapita kidevuni, ukafika usoni, na hapo ukambana Shingofupi pua. Nilimwona wifi anauma mdomo asicheke, mbavu zake zikitetemeka juu ya sikio langu. Ndipo mkono ukateremka ukaikumbatia shingo, na kwa vile shingo yenyewe ni fupi, ukaizunguka yote.

Kufikia katikati ya wiki, nchi nzima ilikuwa inabanana pua. Waliogombana ofisini, wachezaji waliokosana uwanjani, bibi na babu waliokuwa hawajapikiana chai tangu enzi na enzi: unambana mwenzako pua, halafu unamkumbatia. Fundi akarudisha sindano koponi. Meneja akatuita, akasimama mbele yetu na tai iliyonyooka, akasema, "Mkono huu una kipaji. Mimi niliona kwa mbali." Fundi akakohoa.

Mimi na wifi hatukusema neno juu ya yale. Alikwisha kuyasema twiga. Jumamosi iliyofuata akaingia chini ya meza, akanisubiri niweke bega langu mahali pake, kisha akanigeukia akanipumulia usoni, haaa, taratibu, kwa makusudi kabisa. Kitunguu, tena kibichi. Nikamtazama. Yeye anatazama televisheni, uso mkavu.

Nikafungua mdomo nami, nikampumulia. Nilikuwa nimekula viwili.

Taa zikawaka. Akanigusa goti, nikapunga.