Wageni wa Veronika

Haya aliniambia mama mkwe wangu, Martina, mwaka wa vita vya Kagera, tukibangua korosho uani. Yalimpata dada yake, Veronika.

Veronika alikuwa mjane katika kijiji kipya cha ujamaa, pwani ya Kilwa, na riziki yake ilikuwa kaa. Maji yakitoka, huyo, aliingia mikokoni na ufito wake wenye ndoano, akawatoa mashimoni, wa kula na wa kuuza. Penye mashimo mengi alijua mikoko ni mizima. Yakipungua, miti inaugua, hata kama majani bado ni mabichi.

Mwaka ule wa kuhamia vijijini malori yalileta watu kutoka bara, na kila nyumba ilitaka boriti. Mashoka yakaingia mikokoni.

Asubuhi moja Veronika anasonga ugali, kaa wakapiga hodi. Walijaa uani mpaka njiani, majike na mayai yao tumboni.

"Shikamoo, mama," akasema aliyetangulia.

"Marahaba. Mmetoka salama?"

"Tumetoka. Kule si kwetu tena."

"Basi karibuni. Futeni miguu."

Walichukua muda kuifuta, maana ni mingi. Wakakaa mvunguni, kitandani, juu ya kinu. Mgeni haliwi. Veronika akauegemeza ufito ukutani, akala ugali kwa chumvi. Kesho yake pia.

Siku ya tatu mwenyekiti, Huseni, akaja na majembe, kama desturi ilivyo kwa wageni. Kaa wakayakataa kwa adabu, wakasema mikono wanayo. Wakalima shamba la kijiji, wakafukua mpaka maji ya chumvi yakapanda na mtama ukakauka. Huseni akawasifu mkutanoni kwa bidii yao.

Veronika akasimama. Alikuwa amekonda.

"Baba, acheni kukata. Mikoko ikipona hawa watarudi kwao, na mimi nitakula."

"Mboga umeilaza kitandani, mama, halafu unalia njaa!" akadakia Bakary, mkata boriti.

"Kwako wewe, Bakary, wageni huwa mnawala?"

Watu wakacheka sana. Huseni naye akacheka, kisha akapanga zamu ya kukata ya kesho.

Walikata mpaka mkoko wa mwisho. Lilipokuja bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu, bahari haikukuta wa kuizuia. Ilipita njia kuu mchana kweupe, ikaingia ofisini. Huseni akainua miguu, kikao kikaendelea.

Nyumbani kwa Veronika kaa walifanya kama wafanyavyo mashimoni maji yakijaa: wakaviringa matope, wakaziba mlango, kisha dirisha.

"Lala, mama," akasema yule aliyetangulia siku ya kwanza.

"Na yakitoka?"

"Yakitoka tutafungua."

Hakuuliza kama yatatoka. Njaa ilikuwa imeshamchosha, na ndani mlikuwa na ubaridi wa matope. Akapanda kitandani, kaa wadogo wakajisogeza kumpisha. Akajifunika khanga, akalala.